Ulizeni Chipu, Msiamini Boksi

Hotuba kwa wazazi na vijana, ukumbi wa mtaa, Pasua, Moshi

Ndugu Mwenyekiti wa mtaa wetu, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuiunganisha kompyuta ya nyumbani na mtandao bila waya. Nilikubali palepale, kwa sababu jambo hili linaniuma. Katika nyumba nyingi ninazoingia kwa kazi yangu ya ufundi, hapa Pasua, Majengo, Njoro hadi Kiborloni, nakuta kompyuta ya mezani sebuleni imefunikwa kitambaa. Imenunuliwa kwa jasho, inawaka vizuri, lakini haina mtandao. Binti aliyemaliza kidato cha sita anabeba vyeti vyake kwenye flashi hadi mjini, analipia intaneti kwa saa ili aombe mkopo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Kaka yake aliyemaliza chuo anajaza maombi ya kazi Ajira Portal kwenye kioo cha simu kilichopasuka, na akikosea sehemu moja anarudia ukurasa mzima. Kompyuta wanayo. Mtandao upo kwenye simu ya mama. Kinachokosekana katikati ni kidude kisichozidi ukubwa wa kidole gumba.

Kwa nini kompyuta hizi hazina Wi-Fi? Nyingi ni za mezani zilizotumika nje, na huko zilikaa maofisini. Ofisini kulikuwa na waya wa mtandao kutoka ukutani, kwa hiyo aliyezitengeneza hakuona sababu ya kuziwekea Wi-Fi. Si mbovu, wala muuzaji hakuchomoa kitu. Zinataka kuongezewa tu hicho kidude, ambacho leo nitakiita adapta. Ipo ya kuchomeka kwenye tundu la USB, na ipo kadi ya kufunga ndani ya kasha. Kadi ni nzuri, ila inahitaji kufungua kasha na kuwa na nafasi kwenye bodi, ile sahani kubwa ya ndani. Kwa mtu anayeanza, USB inatosha, na ndiyo nitakayoizungumzia.

Ombi langu kwenu ni moja, na mengine yote yanatokana nalo. Unapokwenda kununua adapta, usiongozwe na maandishi makubwa ya kwenye boksi. Uliza ndani yake kuna chipu gani, yaani kile kipande kidogo cha kielektroniki.

Adapta yenyewe ni ganda la plastiki, kazi inafanywa na chipu, na wanaotengeneza chipu hizi duniani ni wachache. Kwenye adapta za USB utakutana zaidi na Realtek na MediaTek. Zamani kulikuwa na Ralink, ikanunuliwa na MediaTek mwaka 2011, na kulikuwa na Atheros, ikanunuliwa na Qualcomm mwaka huohuo. Majina mengi mengine mnayoyaona dukani ni ya waliofunga ganda wakaweka nembo yao. Na mwenye nembo hafungwi na chipu moja. Adapta ya TP-Link iitwayo TL-WN722N ni mfano unaojulikana sana kwa mafundi. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros, AR9271. Toleo la pili likaja na chipu ya Realtek, RTL8188EUS. Jina ni lilelile na antena ni ileile, lakini kwa kompyuta hivyo ni vifaa viwili tofauti kabisa, na draiva ya kimoja, yaani programu ya kukiendesha, haiwezi kukiendesha kingine.

Kwa hiyo geuza adapta, au boksi lake, utafute stika. Kuna mahali pameandikwa toleo: herufi V au neno Ver, kisha namba kama 1.0 au 3.0. Maandishi ni madogo mno. Mzee wangu usiumize macho, chukua simu, fungua kamera, vuta picha karibu. Ukishapata jina na toleo, yaingize kwenye simu hapohapo dukani uone chipu yake ni ipi na kama inakubali Windows uliyonayo. Muuzaji mzuri hatakasirika. Akikuharakisha, rudisha kifaa kwenye kabati lake uende duka la pili. Kuanzia Mnara wa Saa mpaka stendi maduka hayajaisha.

Sasa tuseme umenunua, umefika nyumbani, umechomeka. Taa ya adapta inawaka au haiwaki, na Wi-Fi haionekani. Hapa ndipo wengi wanasema nimeuziwa bovu. Subirini. Mara nyingi kinachokosekana ni draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia chipu. Adapta nyingi huja na draiva kwenye CD, na kompyuta nyingi sasa hazina mahali pa kuingizia CD, au pana hitilafu. Unaambiwa pakua draiva mtandaoni. Lakini mtandao ndio ulioukosa, ndiyo maana umenunua adapta! Watu wamekwama hapo, kompyuta ikarudi kufunikwa kitambaa.

Njia ya kutoka mnayo mfukoni. Chukua simu ya Android na waya wake wa kuchajia, ule unaopitisha data, maana zipo waya za bei ya chini zinazopitisha umeme peke yake. Unganisha simu na kompyuta. Nenda kwenye mipangilio ya simu, mahali pa hotispoti, yaani pa kugawa mtandao wa simu, uwashe kipengele cha USB tethering. Kompyuta itaiona simu kama kadi ya mtandao, na bila adapta yoyote utakuwa mtandaoni. Na kama simu yenyewe imeunganishwa kwenye Wi-Fi ya ruta, kile kifaa cha kugawa mtandao nyumbani, itapitisha mtandao huohuo wa ruta, bando lako halitaguswa. Acha hali hiyo kwa muda, uiruhusu Windows itafute draiva yenyewe. Mara nyingi inaipata.

Isipoipata, tutaiuliza kompyuta imeona chipu gani. Hapa naomba vijana mwandike. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows pale chini, chagua Device Manager. Utaona orodha ndefu, na mahali fulani kuna kifaa chenye alama ya njano. Kibonyeze kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, nenda Details, kisha kwenye ile orodha inayoshuka chagua Hardware Ids. Utaona mstari kama huu: USB\VID_0BDA&PID_8179. Unatisha kwa macho, ila kuusoma ni rahisi. Herufi nne baada ya VID zinamtaja mtengenezaji. 0BDA ni Realtek, 148F ni Ralink, 0CF3 ni Atheros. Nne zinazofuata PID zinataja kifaa chenyewe. Huo mstari niliousoma ni RTL8188EUS. Ukikuta 148F na 7601, hiyo ni MT7601U ya MediaTek. Ukishajua hivyo, boksi likipotea halina neno, stika ikifutika haina neno. Adapta isiyo na jina lolote, ile iliyouzwa ndani ya kimfuko cha nailoni, nayo utaijua.

Draiva chukueni kwenye tovuti ya mwenye nembo au ya mtengenezaji wa chipu. Tafadhali sana, msipakue kwenye zile tovuti zinazosema kompyuta yako ina draiva kumi na saba zilizopitwa na wakati, lipa tukurekebishie. Nimesafisha kompyuta nyingi zilizoharibiwa kwa njia hiyo. Draiva ya adapta hailipiwi. Ukishaipata na ikafanya kazi, inakili kwenye flashi, iandike jina la chipu, uitunze pamoja na vyeti vya watoto. Siku Windows ikipigwa upya, hutamtafuta fundi.

Kuna jambo linalowashtua watu wenye adapta za miaka ya karibuni. Unachomeka, kompyuta inasema umeingiza CD. Hiyo si hitilafu. Ndani ya adapta kuna hifadhi ndogo iliyobeba draiva ya Windows, na adapta hujitambulisha kwanza kama CD ili uifungue. Ifungue, endesha faili la setup lililomo, ikimaliza CD inatoweka na Wi-Fi inajitokeza. Ukiona 0BDA na 1A2B kwenye ule mstari wa namba, ujue adapta bado iko kwenye hali ya CD.

Tuje kwenye mawimbi, maana hapa nina kisa. Mama mmoja wa Kiborloni aliniita baada ya mwanawe kufunga adapta kila kitu sawasawa. Kompyuta inaona mitandao ya majirani wote, ila hotispoti ya simu ya mama, iliyowekwa pembeni ya kibodi, haionekani. Walikuwa wameshaamua kununua adapta nyingine. Niliomba simu, nikafungua mipangilio ya hotispoti, nikakuta imewekwa kwenye mawimbi ya gigahezi 5. Adapta yao ilikuwa ya gigahezi 2.4 peke yake. Nilibadilisha hapo kwenye simu, na jina la hotispoti likatokea kwenye kompyuta kabla hatujakaa. Hawakutumia shilingi.

Simu nyingi mpya hutoa hotispoti kwa mawimbi yote mawili au huchagua moja zenyewe, na adapta ndogo za bei nafuu husikia la 2.4 tu. Kwa hiyo kompyuta isipoiona simu yako, angalia hapo kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Kwenye iPhone kipengele hicho kinaitwa Maximize Compatibility.

Tofauti ya mawimbi haya ni kama muziki wa sherehe ya jirani: ukiwa chumbani mwako besi unaisikia, maneno ya wimbo huyasikii. Gigahezi 2.4 ndiyo besi. Inapenya ukuta wa tofali na kufika mbali, lakini kila mtu yupo humo, simu za majirani, Bluetooth, hata oveni ya maikrowevu. Gigahezi 5 ina kasi na nafasi zaidi, ila ukuta mmoja wa zege unaipunguza sana. Kama kompyuta na ruta viko chumba kimoja, 5 ni bora. Kama viko vyumba tofauti, 2.4 itakuhudumia vizuri zaidi.

Na ndugu zangu wa Kibosho, Machame na Old Moshi waliokuja leo, nyie mna suala lenu. Nyumba kubwa iko hapa, nyumba ya kijana iko upande wa pili wa kihamba, lile shamba la nyumbani, na katikati kuna migomba. Majani ya mgomba yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi haya. Mvua ikinyesha ndio kabisa. Nimeona watu wakinunua adapta ya antena kubwa, kisha kubwa zaidi, wakitaka kuipenya migomba. Mkiniuliza mimi, nunueni waya wa mtandao. Waya wa kawaida unafika mita 100, unaweza kuuzika ndani ya bomba la plastiki, na mvua ya masika haitausumbua. Nimekuja kuzungumzia mtandao bila waya, lakini siwezi kuwaficha kwamba hapo waya ni bora.

Mahali pa kuchomeka nako kuna maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kasha la kompyuta ni bati. Ukichomeka adapta kwa nyuma, chini ya meza, kasha likiwa limegusa ukuta, umeifungia kati ya bati na tofali. Tafuta waya wa kurefushia USB, wa mita moja hivi, uipandishe adapta juu ya meza ionekane. Halafu yale matundu ya USB 3, ambayo mara nyingi yana rangi ya buluu ndani, hutoa kelele inayoingilia gigahezi 2.4. Kampuni ya Intel yenyewe ilichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Kwa hiyo adapta ya 2.4 ichomekeni kwenye tundu jeusi, mbali na hadi diski ya nje, ile ya kuhifadhia mafaili. Ukikuta mtandao unakatika kila unaponakili mafaili kwenye hadi diski, umeshajua pa kuanzia.

Kuhusu namba za kasi nitasema kwa ufupi. Boksi likiandika AC600, huo ni mjumuisho: megabiti 150 kwa sekunde za gigahezi 2.4 na 433 za gigahezi 5, zikakadiriwa kuwa 600. Hutazipata kwa pamoja, na nje ya maabara hutazipata hata moja kwa ukamilifu. Kama mtandao wa simu unakupa megabiti 10 au 20, adapta ya 1200 haitazigeuza kuwa 1200. Kwa maoni yangu, kwa nyumba nyingi za mtaa huu, AC600 yenye antena ya nje na chipu inayojulikana inatosha kwa miaka. Pesa inayobaki nunua waya wa kurefushia na betri nitakayoitaja sasa hivi.

Maana kuna wakati Wi-Fi imeshika, alama zimejaa, lakini kurasa hazifunguki. Chunguza mambo mawili. La kwanza ni anwani ya kompyuta, ile namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ikiwa inaanza na 169.254, maana yake kompyuta imeomba anwani kwa ruta au simu ikakosa, ikajipangia yenyewe. Zima hotispoti, washa tena, unganisha upya. Ukihamia mtandao mwingine na shida ikaendelea, rudi kwenye draiva.

La pili wengi hawalifikirii, nami naliona kila mara kwenye kompyuta zilizotumika. Tazameni tarehe pale chini kulia. Kwenye bodi kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, inayotunza saa wakati umeme umezimwa. Kompyuta ya miaka mingi betri hiyo imekufa, kwa hiyo TANESCO wakikata umeme, ukirudi kompyuta inaamini ni mwaka 2009. Tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoishi mwaka 2009 inavikataa vyote, inakuonya kwamba tovuti si salama, na wewe unailaumu adapta. Rekebisha tarehe, kisha nunua betri hiyo. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme kabisa, toa ya zamani, weka mpya upande wa alama ya kujumlisha ukiwa juu. Mtoto wa darasa la saba anaweza, mzazi akiwa karibu.

Usalama. Wenye ruta nyumbani, kwenye aina ya ulinzi wa Wi-Fi chagueni WPA2, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Ukiweka WPA3 peke yake, adapta ya zamani itashindwa kuingia hata kama nenosiri ni sahihi. WEP, ulinzi wa zamani, msiiguse, udhaifu wake ulianikwa tangu mwaka 2001. Na nenosiri lililochapishwa kwenye stika ya ruta libadilisheni, kwa kuwa kila mgeni aliyekaa sebuleni anaweza kulipiga picha.

Mwisho ni bando, na hapa naomba wazazi mnisikilize sana kwa sababu hasara ni yenu. Kompyuta haijui kwamba mtandao wa simu unalipiwa kwa gigabaiti. Ikishika Wi-Fi, Windows inaanza kupakua masasisho yaliyolimbikizwa miaka yote ile ilipokuwa chini ya kitambaa. Bando la wiki linaweza kuisha jioni moja, na mtoto akaadhibiwa kwa video ambazo hakuangalia. Kwenye Windows 10 na 11, fungua mipangilio ya mtandao, bonyeza jina la hotispoti yako, washa kipengele cha Metered connection. Windows itazuia sehemu kubwa ya upakuaji huo. Lakini msiyafungie masasisho moja kwa moja, yanaziba mianya ya wezi. Siku ukiwa na bando kubwa au umefika kwenye mtandao usio na kikomo, zima kipengele hicho uyaache yaingie.

Wenye Windows 7, msaada wake uliisha Januari 14, 2020. Windows 10 nayo ilifikia ukomo wake Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za aina hii haziruhusiwi kupanda Windows 11. Kwa hizo mimi hushauri Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta unaowekwa badala ya Windows, ambao ni bure, na hapo ndipo ule mstari wa namba unapokuwa na thamani zaidi. Chipu ya MT7601U draiva yake imo ndani ya Linux tangu mwaka 2015, AR9271 tangu kabla ya hapo. Unachomeka, inafanya kazi, hutafuti kitu. Zipo nyingine ambazo lazima ujenge draiva kwa amri, na hilo sipendi kumpa mtu anayeanza.

Mwenyekiti, nimemaliza niliyokuja nayo. Kompyuta iko pale mezani imewashwa, na waya wa simu upo. Mwenye adapta aje nayo tusome VID na PID yake pamoja, tukianza na wanaotoka mbali ili wawahi magari ya kupandia Kibosho.